Moshi, Mabega na Malungu: Utanzu wa Stimpanki Ukitazamwa kutoka Ufipa

Utanzu wa fasihi na mtindo wa sanaa uitwao stimpanki ni mchanga kuliko mitambo unayoisimulia. Jina lake lilichapishwa kwa mara ya kwanza Aprili 1987, katika barua ambayo mwandishi Mmarekani K. W. Jeter aliiandikia jarida la Locus. Katika barua hiyo alitafuta, nusu kwa utani, neno moja la kuzikusanya pamoja riwaya zake na za wenzake wawili, Tim Powers na James Blaylock. Riwaya hizo zilirudi katika Uingereza ya Malkia Victoria na kuijaza vitu ambavyo haikuwa navyo. Miaka mitatu baadaye William Gibson na Bruce Sterling walichapisha The Difference Engine, ambamo mashine ya kukokotoa ya Charles Babbage inafanikiwa na kuleta zama za kompyuta zinazoendeshwa kwa mvuke karne nzima kabla ya wakati wake. Tangu hapo utanzu umetoka vitabuni na kuingia katika filamu, mavazi na mapambo. Ujumi wake hutambulika mara moja: shaba iliyong'arishwa, ribiti zinazoonekana, magurudumu ya meno yaliyoachwa wazi, miwani mikubwa ya ngozi, merikebu zinazoelea angani. Ni ujumi wa mtambo usioficha matumbo yake.

Kiini cha utanzu huu ni swali la historia mbadala: ingekuwaje kama mvuke usingepitwa na mafuta na umeme? Makala haya yanashikilia kwamba swali hilo, kama linavyoulizwa katika matini nyingi za stimpanki, ni nusu ya swali. Linauliza habari za mtambo na kunyamaza kuhusu mabega yaliyoubeba. Tena linachukulia kwamba ufundi wa chuma ulikuwa na makao mamoja tu, Ulaya na Marekani. Mahali pa kulijaribu dai hili ni uwanda wa juu wa Ufipa, pamoja na mwambao wa Ziwa Tanganyika ulio chini yake. Mji wa Sumbawanga, ambao Mazwi ni sehemu ya kitovu chake, umekaa juu ya uwanda huo. Barabara ya kilomita 112 inashuka kutoka hapo kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga, ambako kwa miongo mingi abiria wa Rukwa wamepanda meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 kwa ajili ya injini za mvuke. Juu kwenye uwanda, katikati ya mashamba, yamesimama matanuru marefu ya udongo ambayo Wafipa huyaita malungu. Kati ya bandari na matanuru hayo kuna vitu ambavyo mwandishi wa stimpanki angelazimika kuvibuni, ila hapa havihitaji kubuniwa.

Neno stima

Inafaa kuanza na lugha, kwa kuwa Kiswahili kiliupokea mvuke kwa namna yake. Stima, kutoka Kiingereza, ilikuwa kwanza meli ya mvuke. Kenya ikaja kuwa umeme. Neno lililotaja chombo likawa neno la nguvu yenyewe, na mtu wa Nairobi anayelalamika kwamba stima imekatika hafikirii boila hata kidogo. Treni nayo ikawa gari la moshi. Waingereza waliuita mtambo kwa kile kilichokuwa ndani yake, yaani mvuke; Waswahili waliuita kwa kile kilichoonekana na mtu aliyesimama nje. Tofauti hii si ndogo. Aliye ndani ya chumba cha injini huona mvuke, aliye kando ya reli au gatini huona moshi. Stimpanki, kwa sehemu kubwa, imeandikwa na watu wa chumba cha injini. Makala haya yanasimama upande wa moshi.

Kusafiri bila kugusa ardhi

Wahakiki huwataja Jules Verne na H. G. Wells kuwa mababu wa utanzu. Jambo lisilotajwa sana ni kwamba riwaya iliyomletea Verne umaarufu, ya mwaka 1863, inaanzia Zanzibar. Wasafiri watatu wanapaa kwa puto kutoka kisiwa kidogo karibu na Unguja, wanavuka bara lote na kutua Senegali baada ya majuma matano. Miaka mitano tu kabla ya kitabu hicho, mwezi Februari 1858, Burton na Speke walikuwa wamefika Ziwa Tanganyika kwa miguu, wagonjwa wote wawili, kwa msafara uliotegemea wapagazi na viongozi wa njia. Verne aliijua habari hiyo vizuri. Puto lake ni jibu kwa tatizo la msafara: halidai hongo kwa kila mtawala, halitoroki usiku, haligomi likidai nyongeza ya posho. Mashine ya kwanza ya kubuni kuruka juu ya Afrika Mashariki ilibuniwa ili mpagazi asihitajike.

Ndoto hiyo ilipitia stimpanki yote iliyofuata. Merikebu za angani ambazo zimekuwa nembo ya utanzu zina uzuri wa chombo kisichogusa ardhi, na kisichogusa ardhi hakidaiwi na waliomo ardhini. Vyombo halisi vya mvuke vilivyofika Ziwa Tanganyika havikuwa na bahati hiyo.

Cha kwanza kilikuwa Good News, cha Wamisionari wa London. Kiliundwa Uingereza, kikavunjwa vipande, kikapelekwa kwa njia ya mto Zambezi, mto Shire na Ziwa Nyasa, kisha nchi kavu hadi ncha ya kusini ya Tanganyika, jirani na Ufipa. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo iliyopewa jina la barabara ya Stevenson, kwa heshima ya mfanyabiashara aliyetoa fedha za kuijenga. Kwenye ramani ilikuwa barabara; mahali pengi ilikuwa njia ya miguu. Chombo kiliingia majini Machi 1885, na mhandisi wake, James Roxburgh, alifariki mwaka huohuo. Wajerumani nao walileta Hedwig von Wissmann, iliyoanza kuelea mwaka 1900 baada ya safari ya namna hiyohiyo. Kila bamba la chuma lilikuwa na uzito wake, na uzito huo ulikuwa juu ya bega la mtu. Boila haligawanyiki kama mzigo wa nguo.

Mfano ulio karibu zaidi na picha za stimpanki ni wa mwaka 1915. Jeshi la Majini la Uingereza liliamua kuwanyang'anya Wajerumani ziwa kwa kutumia mashua mbili ndogo za injini ya petroli, Mimi na Toutou, chini ya Geoffrey Spicer-Simson. Mashua zilishushwa Cape Town, zikapanda treni hadi Fungurume katika Kongo ya Wabelgiji, kisha zikakokotwa porini kuvuka milima ya Mitumba kwa matrekta mawili ya mvuke, yakisaidiwa na ng'ombe, hadi zilipoikuta reli nyingine, mto Lualaba na hatimaye ziwa. Matrekta ya mvuke yakivuta mashua za kivita kupanda mlima katikati ya Afrika: msanii wa stimpanki hana la kuongeza hapo. Lakini trekta la mvuke hunywa maji, na msimu ule ulikuwa wa kiangazi. Maji yalipokosekana, wanawake wa vijiji vya njiani walikusanywa kuyabeba kichwani ili boila zisizimike. Mtambo ulivuta mashua, na wanawake waliuvuta mtambo.

Mashua hizo ziliiteka Kingani tarehe 26 Desemba 1915, na Hedwig von Wissmann ikazamishwa Februari 1916. Juni mwaka huo Bismarckburg, yaani Kasanga, iliangukia mikononi mwa Waingereza. Habari hii imesimuliwa mara nyingi. C. S. Forester aliichukua na kuigeuza kuwa riwaya The African Queen mwaka 1935, na filamu yake ya mwaka 1951 imeifanya injini kuukuu ya mvuke kuwa kipenzi cha watazamaji. Katika riwaya hiyo ziwa limepewa jina la kubuni la Kijerumani, na wenyeji wa mwambao hawana sehemu yenye uzito katika mwendo wa hadithi. Verne alihitaji puto ili kuwaondoa. Forester alihitaji ukimya tu.

Tanuru linalopumua lenyewe

Upande wa pili wa hoja unapatikana juu, kwenye uwanda. Ufipa ni nchi ya majani mafupi na upepo, takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari mahali pengi, mita elfu moja hivi juu ya ziwa. Wakulima wake walijulikana kwa vituta vya duara, intumba, ambavyo ndani yake majani hufukiwa yaoze kuwa mbolea. Kilimo cha namna hiyo kinataka jembe zito la chuma, na jembe hilo Wafipa walilitengeneza wenyewe. Lilikuwa zana, bidhaa ya biashara na sehemu ya mahari.

Ilungu, umoja wa malungu, ni tanuru la udongo la urefu wa takriban mita 3, pana chini na jembamba kiasi juu. Kuzunguka kitako chake huachwa matundu yanayowekwa mirija ya udongo. Ndani hupangwa makaa na mawe yenye chuma kwa tabaka. Likishawashwa, ilungu halihitaji mivukuto: hewa moto inapopanda juu, hewa baridi inavutwa kupitia mirija iliyo chini, na moto hujichochea wenyewe kwa siku kadhaa. Urefu wa tanuru ndio injini yake. Chuma kinachopatikana huwa bado kimechanganyika na mavi ya chuma, kwa hiyo husafishwa mara ya pili katika tanuru dogo, na hapo sasa mivukuto hutumika. Ndipo kinapokwenda kwa mhunzi.

Maelezo haya yamekusanywa na watu wa nyakati mbalimbali. Wyckaert, mmisionari wa White Fathers, aliandika mwaka 1914 juu ya wahunzi wa kimila na wahunzi Wakristo. Greig alichapisha maelezo yake mwaka 1937, na J. A. R. Wembah-Rashid aliandika juu ya ufundi huohuo mwaka 1969. Bertram Mapunda, katika tasnifu yake ya mwaka 1995, alionyesha kiakiolojia kwamba kusini-magharibi mwa Tanzania hapakuwa na namna moja ya kuyeyusha chuma. Malungu yalikuwa teknolojia moja kati ya kadhaa zilizopishana na kukutana. Matokeo yake yana umuhimu wa pekee kwa mjadala huu, kwa sababu yanaonyesha kuwa ufundi wa Ufipa nao ulikuwa na historia: ulibadilika, ulichagua, uliacha njia moja na kushika nyingine. Historia mbadala inawezekana tu pale penye historia.

Randi Barndon amesisitiza upande mwingine. Ilungu lilijengwa na kupambwa kama bibi harusi. Fundi mkuu alikuwa na kapu la dawa, intangala. Na waliolihudumia walitakiwa kujitenga na tendo la ndoa kwa muda wa kazi. Katika simulizi za asili za Ufipa alizozichambua Roy Willis, ukoo wa kale wa Milansi unahusishwa na uhunzi, na utawala unawatoka pale wanawake watatu wageni wanapofika. Chuma, uzazi na mamlaka vinakaa katika sentensi moja. Wahakiki wa stimpanki hupenda kusema kwamba utanzu huu unairudishia mashine roho iliyopotezwa na kiwanda. Kwamba msanii anayetengeneza saa kwa mkono anapinga bidhaa isiyo na uso. Kama hicho ndicho kipimo, fundi wa ilungu amekipita zamani. Hakuhitaji kuirudishia mashine roho kwa kuwa hakuwa ameiondoa.

Hata hivyo ni vyema kujihadhari na kishawishi cha pili, ambacho ni kuandika kana kwamba Ufipa ilikuwa njiani kuelekea mapinduzi ya viwanda yake yenyewe na ikazuiwa mlangoni. Hakuna ushahidi wa hilo. Ilungu lilikula makaa mengi, na uwanda haukuwa na misitu ya kutosha. Kazi yake ilifuata msimu, wala haikukusudiwa kuzalisha mwaka mzima. Kilichotokea ni cha kawaida zaidi na, kwa sababu hiyo, kinauma zaidi: jembe la dukani lilifika likiwa rahisi, kodi ikataka fedha taslimu, vijana wakaondoka kutafuta vibarua, na tanuru likakosa watu wa kulijenga. Meli za mvuke zilisafirisha bidhaa na watu katika ziwa lilelile ambalo majembe ya Ufipa yalikuwa yakiuzwa pande zake. Stimpanki inauliza ingekuwaje kama mvuke usingeshindwa. Kwa mtazamo wa malungu, mvuke ndio ulioshinda.

Goetzen kuwa Liemba

Meli inayounganisha pande hizi mbili ni Graf von Goetzen. Iliundwa katika karakana ya Meyer huko Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa katika makasha yanayosemwa kuwa 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli mpya iliyofika Kigoma Februari 1914. Iliingia majini tarehe 5 Februari 1915. Kila simulizi ya ujenzi huo huwataja mafundi watatu waliotumwa kutoka Papenburg: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Waliogonga ribiti pamoja nao wanatajwa kwa jumla kama vibarua. Mtafiti wa fasihi atatambua kwamba hapa historia na stimpanki zinatumia mbinu moja ya usimulizi: fundi ana jina, mkono wake wa pili hana.

Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli hiyo wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kuzipaka injini zake mafuta mazito ili zisiharibike. Wabelgiji waliiibua ikazama tena. Waingereza waliinua mwaka 1924, na Mei 1927 ilirudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo Livingstone alilisikia likitumika kwa sehemu ya kusini ya ziwa alipofika huko mwaka 1867. Kwa hiyo chombo kilichopewa jina la gavana wa kikoloni kilifufuka na jina la maji ya watu wa kusini, wakiwemo majirani wa Ufipa. Waliolichagua walikuwa wakoloni wengine, na sababu zao ni zao. Jina lenyewe halikuwa lao.

Katika miaka ya 1970 injini za mvuke ziling'olewa, zikawekwa za dizeli. Mpenzi wa stimpanki atakayeingia humo kutafuta boila hataliona. Kwa mtu wa Kasanga au Kipili badiliko hilo halikuwa hasara ya ujumi. Lilikuwa sharti la meli kuendelea kufika. Hapa ndipo ujumi wa stimpanki na maisha ya mwambao vinapoachana. Utanzu huupenda mtambo wa zamani kwa sababu ni wa zamani. Mwambao uliupenda kwa sababu ulikuja na dagaa, mahindi, sabuni na ndugu. Mwaka 1997 Liemba ilitumika kuwarudisha kwao makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Zaire. Mei 2015 iliwahamisha Warundi waliokuwa wamekwama Kagunga hadi Kigoma. Wazo la kuirudisha Ujerumani au kuifanya makumbusho limejitokeza mara kadhaa, nalo lina watetezi wenye nia njema. Tatizo lake ni kwamba linaihesabu meli kwa miaka yake michache ya mwanzo, ilipokuwa na jina la Goetzen, na kuiacha miongo mingi ya Liemba kama maelezo ya ziada.

Riwaya ya Everfair ya Nisi Shawl, iliyotoka mwaka 2016, imefika karibu zaidi na yale ambayo utanzu huu unaweza kuyafanya katika eneo hili. Ndani yake Wafabiani wa Uingereza na wamisionari Wamarekani weusi wananunua ardhi ya Kongo kutoka kwa Mfalme Leopold na kuunda nchi mpya yenye baiskeli za mvuke na mitumbwi ya angani. Mtambo wake usiosahaulika ni mdogo kuliko yote: mkono wa bandia wa shaba, uliotengenezwa kwa watu waliokatwa mikono na walinzi wa mpira. Kinyume na puto la Verne, mkono huo umebuniwa kwa kumtazama mtu aliyeumizwa. Uhalisia wa kitabu haumo katika mvuke wake. Umo katika mahali ambapo mtambo umefungwa, yaani kwenye kigutu. Hata hivyo, hata humo mitambo mingi inaanzia kwa wageni, na wahunzi wa nchi hawapewi tanuru lao. Kwa msomaji wa Ufipa, ambaye Kongo yote ya riwaya hiyo iko ng'ambo ya ziwa, pengo hilo linaonekana haraka.

Fasihi ya Kiswahili haijakosa mbuni wa vyombo vya namna hiyo. Katama Mkangi alimrusha mhusika wake hadi dunia nyingine katika Walenisi, mwaka 1995, bila kuazima shaba ya Victoria. Kilichobaki kwa utafiti ni kukusanya msamiati wa ilungu kwa Kifipa, hatua kwa hatua, kutoka kuchimba udongo wa kitako hadi kuvunja mirija, pamoja na majina ya wahunzi ambayo familia zao bado zinayakumbuka. Malungu yaliyosalia wilayani Nkasi na kwingineko yamesimama katika ardhi inayolimwa. Mvua inayalainisha kutoka juu na jembe linayakaribia kutoka chini, na mavi ya chuma yaliyozagaa kuzunguka vitako vyake huokotwa na kutupwa pembeni kila msimu ili mahindi yapate nafasi.